Mifupa ya Mama na Jina la Baba

Mama alivunjika mkono akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Hakuanguka, hakugongwa, hakuteleza kwenye tope la mtaa wetu ambalo kila msimu wa mvua lilivunja watu wenye miguu mizuri kuliko yake. Aliinua mchi kama alivyouinua tangu usichana wake, akaushusha kinuni, na tukasikia mlio mdogo, mkavu, kama kijiti cha kuwashia moto. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua sufuria yake imetoboka:

"Ah. Mukono imevunjika."

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya wasichana hapa Kindu. Nilikuwa bado nakaa na wazazi wangu katika mtaa wa Kasuku, katika nyumba ya matofali ambayo baba alipewa na watu wa reli alipokuwa kazini, na ambayo baada ya kustaafu hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Baba alikuwa mtu wa Kasai, mpole kupita kiasi. Kazi yake ya maisha ilikuwa kugeuza reli ili kila treni ishike njia yake, na nadhani alizoea kuona vitu vikubwa vikipita bila kumtazama. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Hata kuku alimfukuza kwa kumsihi.

Baba alimkalisha mama nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka kwenye dispensari, nami nikatembea pembeni nimeushika ule mkono ndani ya kitambaa. Muganga aliutazama mkono, akamtazama mama, halafu akamtazama baba, na hapo ndipo macho yake yalipokaa.

"Mama, nani alikupiga?"

"Hakuna muntu. Nilikuwa natwanga sombe."

"Sombe haivunji mukono."

"Ya leo imevunja."

Muganga akatuomba mimi na baba tutoke nje. Kupitia dirishani nilimsikia akiuliza tena, kwa upole wa mtu aliyefundishwa kuuliza, na mama akamjibu tena kuwa ni sombe. Alipomaliza kumfunga plasta alimwambia, "Usiogope, mama. Serikali iko nyuma yako." Mama akageuza shingo kutazama.

Zama zile zilikuwa zama za kuwaheshimu akina mama. Hotuba zote zilianza na neno mama na kumalizika na neno mama, na katikati kulikuwa na Rais. Kwa hiyo habari ya mama mmoja kuvunjwa mkono na mume wake ilikuwa nzito, na haikuchukua muda kumfikia mkuu wa selile, yaani tawi dogo la Chama katika mtaa wetu. Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu mnene mwenye roho nzuri, lakini Chama kilikuwa kimempa beji ya kifuani, na beji ile ilimfanya asimame kama amemeza mchi. Alimwita baba.

"Sitwayeni," alisema, maana siku zile sote tuliamriwa kuitana raia kwa Kifaransa, "Chama kimesikia."

"Sikumupiga," baba akasema.

"Hakuna mwanaume anasema alipiga."

"Basi yule asiyepiga, aseme nini?"

Mkuu wa selile alifikiri. Swali lilikuwa gumu, na yeye hakutumwa kufikiri. Jumamosi iliyofuata, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, watu wote walipokuwa bado wameshika majembe na jasho likiwatoka, alimsimamisha baba mbele yao akamwonya kwa jina la Taifa. Baba alivua kofia akasikiliza. Alipomaliza kuonywa alisema asante.

Ulikuwa wakati ambao nchi nzima ilikuwa na wazimu wa ndondi. Kuanzia siku ile, vijana wa mtaa walipomwona baba walikunja ngumi wakarukaruka pembeni mwa njia kama mabondia, na wanawake waliokuwa wakimsalimu walianza kumsalimia mama peke yake, wakimtazama machoni kwa huruma. Mama alichoka kuwaeleza. Kwa kuwa hakuweza kushika mchi, baba alianza kutwanga mwenyewe uani, mbele ya kila mtu. Majirani wakasema: mnaona, dhambi inamtesa.

Plasta ilitolewa. Mkono ulipona umepinda kidogo. Lakini sasa nilianza kuona mambo ambayo nadhani yalikuwepo tangu zamani. Mama alikuwa anapungua. Kikwembe kilichokuwa kikimfikia kifundoni kilianza kuburuta vumbi, akawa anakikunja kiunoni mara moja, halafu mara mbili. Mgongo wake ulikuwa unainama taratibu, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Nilimwuliza kama anaumwa. Alisema mgongo unauma, lakini kwa wanawake wote wa umri wake mgongo unauma, na yeye si bora kuliko wengine.

Ndipo redio ikatangaza kuwa serikali imeingilia kati suala la mifupa.

Sababu yake hatukuambiwa. Watu waliotoka Kinshasa walisema mama mkwe wa mukubwa mmoja alivunjika nyonga, akapelekwa Ulaya, na huko wakampa dawa na jina la ugonjwa. Aliporudi, jina lilienea katika nyumba za wakubwa kama mtindo mpya wa kitambaa. Kwa vyovyote vile, iliundwa tume ya utafiti, ikatengewa fungu, na ikaamuliwa kwamba wataalamu watazunguka nchi nzima kuwaelimisha akina mama na kuchunguza mifupa yao. Kindu nayo ilikuwa katika safari.

Nilifurahi, nakiri. Nilirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeleta nyama. Baba alikuwa akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Alisimama, mikono ikiwa na grisi.

"Hao madokta, banaweza kutazama mukono wa mama yako na kujua kama ni mimi ao ni mufupa?"

"Nafikiri wanaweza, baba."

Akarudi kwenye mnyororo. Lakini nilimwona anatabasamu, na sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu siku ya salongo.

Maandalizi yalianza. Njia ya kutoka uwanja wa ndege ilifyekwa na wanafunzi wangu. Kundi la uchezaji la Chama, wanawake wenye afya waliochaguliwa kwa viuno vyao, lilitungiwa wimbo kuhusu mifupa. Mimi niliitwa na komisere mwenyewe, aliyetutawala kwa niaba ya serikali, kwa sababu nilijua sayansi na Kifaransa, nikaambiwa nitatafsiri. Kulikuwa na kamati ya kutafuta jina la ugonjwa katika Kiswahili. Nilipendekeza "mifupa ya matundu," nikawaeleza kuwa mfupa unakuwa kama mkate: kwa nje mzima, ndani hewa. Wakasema mfupa wa raia wa Zaire hauwezi kuwa na hewa ndani. Nikapendekeza "mifupa iliyochoka." Mmoja wao akauliza polepole, "Imechokeshwa na nani?" Nikaliondoa. Mwishowe walikubaliana juu ya "mifupa isiyo na nidhamu," kwa sababu utovu wa nidhamu ulikuwa adui anayejulikana tayari.

Siku chache kabla ya ugeni, mkuu wa selile alifika kwetu. Hakuketi. Alimsalimu mama kwa heshima, akakohoa.

"Mama, siku ya wageni baki tu nyumbani. Pumzika."

"Nipumzike kwa nini? Banakuja sababu ya mifupa. Miye niko na mifupa."

"Njo ile shida, mama. Komisere amesema wazee wenye kuinama basionekane njiani. Bengine bamepelekwa ng'ambo ya mto, kwa ndugu zao. Wageni wakikuona, watasema Kindu iko na ugonjwa."

"Iko nao."

"Iko nao," mkuu wa selile alikubali, maana hakuwa mwongo, "lakini haijatangazwa."

Baba alisikiliza yote haya mlangoni. Alimsindikiza mgeni mpaka njiani, akamtakia siku njema.

Wageni walikuwa watatu. Profesa mmoja aliyevaa abakosti ya kijivu, ile suti rasmi isiyo na tai, na kutokwa jasho kwa adabu. Mtu mmoja wa Chama ambaye kazi yake sikuielewa, na ambaye kila mtu alimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Na dokta mwanamke, mdogo, nywele zimesukwa, aliyebeba masanduku mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyedhani yeye ni mgeni. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa sinema ya zamani karibu na mto. Ndani kulikuwa na joto la kuivisha mkate. Akina mama walikuwa wameletwa kutoka masokoni, na wengine kutoka Kailo, wakiwa bado na vikapu vya muhogo mgongoni.

Profesa alieleza vizuri. Alisema wanawake wakizeeka mifupa yao inakonda, na serikali, kwa upendo wake, haitaki ikonde. Alisema ni lazima kunywa maziwa na kula jibini. Ukutani kulibandikwa bango kubwa: bibi mmoja anayecheka, glasi ya maziwa mkononi, na ng'ombe pembeni. Kwetu Maniema ng'ombe haishi. Mbung'o wanammaliza kabla hajazoea. Baadaye mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama yule ni mbuzi aliyepandishwa cheo. Jibini sikujua nilitafsiri vipi. Nilisema, "Maziwa yaliyowekwa mpaka yawe magumu," na ukumbi mzima ukafanya sauti ya kichefuchefu.

"Pia," profesa alisema, "ni vizuri kutembea kila siku, na kukaa juani."

Nikatafsiri. Wanawake wa Kailo, waliotoka kwao kabla ya jua na kutembea mpaka jua likawa kichwani, walipiga makofi kwa nguvu. Hii waliielewa. Hii walikuwa nayo.

"Na msibebe mizigo mizito."

Hapo mama mmoja akasimama na kikapu chake. "Sasa, nani ataibeba?"

Nikamtafsiria profesa. Alitabasamu, akasema kwamba swali hilo ni zuri na kwamba tume italitafiti.

Kisha ukaja utafiti wenyewe. Akina mama wazee wa Kindu waliitwa mbele wachunguzwe, na waliokuja mbele walikuwa kundi la uchezaji. Walikuwa wameambiwa wataje umri wa mama zao. Profesa aliwauliza mmoja mmoja, akawapima urefu, akawaambia wainame, wanyooke, wabane mkono wake. Wakambana mpaka akaomba waache. Nilitafsiri umri wao bila kutazama uso wa mtu yeyote. Profesa alikuwa anazidi kung'aa. Alimwambia yule mtu wa Chama kwa Kifaransa kwamba hajawahi kuona, popote, wanawake wenye umri huu na meno haya. Mtu wa Chama akajibu kwamba ni matunda ya uhalisi wetu: chakula cha mababu. Dokta mwanamke alikuwa amekaa nyuma yao, kalamu imekwama mkononi. Alinitazama. Nikatazama chini.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka na baiskeli ikaingia ukumbini.

Baba alikuwa amevaa koti lake la kustaafu. Mama alikuwa nyuma amekaa upande, kikwembe chake cha Chama chenye picha ya Rais kimekunjwa mara mbili kiunoni, hivi kwamba Rais alionekana kuanzia macho kwenda juu. Mkuu wa selile aliinuka kuwazuia, lakini baiskeli ilikuwa imeshaingia kwenye njia ya katikati, na baba aliisukuma bila haraka, kama anayesukuma kitu kilichopewa ishara ya kupita. Alifika mbele. Akamshusha mama, akamkalisha kwenye benchi, kisha akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

Komisere alinitazama. Profesa alinitazama. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamtafsiri baba yangu.

"Miye njo bwana ya huyu mama," baba alisema, na nikashangaa jinsi sauti yake ilivyofika mpaka nyuma. "Mukono yake ilivunjika. Banasema ni miye nilivunja. Sitaki kitu ya mutu. Naomba dokta atazame, aseme mbele ya batu bote: ni miye ao ni mufupa?"

Nikatafsiri. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko yake. Profesa akanong'onezana na mtu wa Chama, akajibu kwamba kesi za mtu mmoja mmoja hazimo katika programu. Kabla sijafungua kinywa, dokta mwanamke alikuwa ameshashuka jukwaani. Alichuchumaa mbele ya mama, akaushika ule mkono uliopinda, akaugeuza polepole. Akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo wake, mfupa mmoja baada ya mwingine. Alimwuliza mambo ya wanawake kwa kunong'ona, nami nikanong'ona, na mama akajibu akitazama paa.

"Zamani alikuwa na urefu gani?" dokta aliuliza.

"Alikuwa anafika hapa," baba akasema, akagusa bega lake. "Sasa anafika hapa." Akagusa chini ya kifua. Mkono wake ukabaki pale.

Dokta akasimama. Hakumtazama profesa. Alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kawaida: "Ni mfupa. Mwanamume huyu hana kosa."

"Dokta anasema ni mufupa!" nikasema. "Huyu baba hana kosa!" Nikasema tena, ingawa yeye alisema mara moja tu. Wanawake wa Kailo wakapiga vigelegele, na kundi la uchezaji, likidhani ndiyo ishara yao, likaanza wimbo wa mifupa na kutikisa ukumbi.

Katika kelele ile dokta aliniuliza nyumbani tunakula nini. Nilimwambia bugali, sombe, na ndagala, vile visamaki vikavu, wanapopatikana. Alisema mama awale ndagala wazima, pamoja na miiba yao, na asiinue tena mchi.

"Na dawa, dokta?"

"Sina dawa," alisema. "Nilipewa mabango tu." Akaniuliza kama kuna wengine kama mama. Nilimwambia wako ng'ambo ya mto, kwa ndugu zao, wanapumzika. Alielewa. Alifunga sanduku lake na sikumwona tena.

Baba alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli katikati ya barabara, na vijana hawakurukaruka. Kwa muda tuliishi vizuri. Halafu redio ikatangaza matokeo: katika Kindu, baada ya uchunguzi wa kisayansi, ugonjwa wa mifupa haukuonekana kabisa, na serikali ilizipongeza mamlaka za mahali. Kesho yake mkuu wa selile alifika, na safari hii alikubali kuketi.

"Baba, niko na shida," alisema. "Mbele ya macho yangu dokta alisema ni mufupa. Lakini redio imesema ugonjwa hauko. Kama ugonjwa hauko, basi ule mukono..."

"Basi ni miye," baba akamsaidia kumaliza.

"Si miye nasema. Ni redio."

Mama aliyekuwa anachambua ndagala alicheka mpaka akashika mgongo. Baba hakucheka. Jioni ile hakula, na kwa wiki kadhaa alikwenda sokoni kwa njia ya nyuma.

Mambo yalibadilika siku ya sikukuu ya Chama. Watu wote wa mtaa walikusanywa uwanjani, na mama, kwa umri wake, alipewa kiti mbele. Wimbo wa taifa ulipoanza kila mtu akasimama. Mama alichelewa, kwa mgongo ule kusimama kulikuwa safari. Mkuu wa selile, aliyekuwa pembeni yake, aliona komisere anatazama. Akainama, akamshika mama mkono wa juu ili amsaidie, akavuta. Hakuvuta kwa nguvu. Nilikuwa nyuma yao, naapa hakuvuta kwa nguvu. Lakini ule mlio nikausikia, na yeye akausikia, na uso wake ukageuka rangi ya majivu huku midomo ikiendelea kuimba.

Tulimpeleka mama kwenye dispensari ileile. Mkuu wa selile alikuja nasi, kofia mkononi, beji kifuani ikiwa imepinda. Muganga alikuwa yuleyule. Aliutazama mkono. Alimtazama baba.

"Mama, nani alikupiga?"

Mkuu wa selile akaifunika beji kwa kofia. Mama alimtazama yeye, si muganga.

"Hakuna muntu," alisema. "Nilisimama tu."

Tulipotoka nje, fundi yule alimshika baba mikono yote miwili. Wiki ile, mbele ya mkutano wa selile, alitangaza kuwa katika mtaa wetu ugonjwa wa mifupa upo, kwa kibali maalumu, na kwamba baba ni mwanaharakati wa mfano katika kuwaheshimu akina mama. Alimshonea baba koti jipya bila kumpima. Alikisia, na likamkaa vizuri.

Mama aliishi miaka mingine baada ya hapo. Nyonga ilivunjika alipogeuka kitandani, na safari hiyo hatukwenda popote, kwa kuwa hata dispensari ilikuwa imeishiwa plasta. Kila asubuhi baba alimbeba mpaka barazani, na kila mwezi, aliniambia, alikuwa mwepesi zaidi. Ile tume, nilisikia, ilikua ikawa idara, ikapata jengo Kinshasa na magari. Nilimsomea mama habari hiyo kutoka gazetini. Aliuliza kama yule binti mwenye nywele za kusukwa yumo ndani ya jengo. Nilimwambia gazeti halisemi.

"Hayumo," mama alisema. Akamwomba baba amgeuze kidogo, jua lilikuwa linampiga usoni.